Subana Kidoleni

Bahasha iko mlangoni mwa friji,
imebanwa na sumaku yenye umbo la ng'ombe, wiki ya tatu sasa.
Naipita nikifuata maziwa.
Ndani yake maswali matatu ya taifa na moja la mtaa:
je, bwawa la kuogelea likarabatiwe kwa mkopo?
Nasema kesho.
Kesho imekuwa mpangaji asiyelipa kodi.

Leo Jumapili. Masanduku yanafungwa saa sita mchana.
Nimeamka nikauona mkono wa bibi yangu Idda.

Si mzimu. Ni picha ukutani:
Aprili, mwaka wa tisini na moja, uwanja wa Appenzell, manyunyu,
wanaume na panga za babu zao viunoni,
maana huko upanga ndio uliokuwa kitambulisho cha mpiga kura,
na asiye nao hakuwa na neno.
Miaka nenda miaka rudi wanawake walisimama nje ya kamba,
wakitazama mikono ya wengine ikipanga bei ya maziwa waliyokama wao.
Mara tatu wanaume waliulizwa: tuwape kura?
Mara tatu mikono ikakaa mifukoni.
Ndipo majaji wakaifungua katiba,
wakalisoma neno raia polepole,
wakauliza: hapa pameandikwa mwanamume wapi?

Bibi alikuwa mdarizi.
Mkono ule ulitoboa kitani tangu ana miaka saba,
maua meupe juu ya kitambaa cheupe,
hadi macho yakaanza kuona ukungu juani.
Mkono ule ulikama, ulikanda, ulizika watoto wawili.
Ulifanya yote isipokuwa kuinuka.
Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.
Hawakusema kama unahesabiwa.

Usidhani hoja ilikuwa vita au uhuru.
Ilikuwa paa la banda la mtambo wa kusukuma theluji.
Babu Notker aliinua wa ndiyo.
Bibi, hatua moja kushoto kwake, aliuweka wake chini.
Wanaopinga?
Akauinua.
Si juu sana, alisema, kama mtu anayeuliza bei.
Kisha akaona hautoshi, akaunyoosha mpaka kiwiko kikalia.
Subana ilikuwa bado kidoleni. Aliisahau kuivua.

Alishindwa. Paa likajengwa,
na linavuja mpaka leo;
hilo alitukumbusha kila Krismasi, kisu cha mkate mkononi.

Walirudi nyumbani kimya, kilomita nne za matope.
Babu akakama, akarudi, akavua viatu,
akauliza: "Kwa nini ulipinga?"
Miaka thelathini na miwili ya ndoa,
na hilo lilikuwa swali lake la kwanza
ambalo hakulijua jibu.
Supu ikapoa mezani.

Mimi sikuwekewa kamba.
Haki yangu ililetwa na posta, stempu imelipiwa,
nami nikaitundika juu ya orodha ya mayai na sabuni.
Niliwahi kumwambia: Bibi, kidole kimoja hakivunji chawa.
Akacheka kwa fizi:
"Ndiyo maana nakitaka na chako."
Katiba ni kitani, aliongeza.
Ukiikunja ukaiweka kabatini, nondo huanzia kwenye mikunjo.

Saa tano na dakika arobaini.
Nimeichana bahasha kwa kisu cha siagi.
Bwawa: ndiyo. La pili: hapana.
La tatu nimelisoma mara mbili
nikaona haya kwamba sikulisoma juzi.
Kalamu imekauka katikati ya sahihi,
jina langu likamalizikia kwa zambarau ya mwanangu.

Sasa niko juu ya baiskeli, ndala miguuni,
bahasha nimeiuma mdomoni kama paka aliyebeba mwanawe.
Ofisi ya manispaa ile pale. Mlango bado wazi nusu,
na ndani mtu mwenye funguo anatazama saa.

Namwinulia mkono.